Pikipiki Haichanganyi Mlimani? Hesabu Meno Kabla ya Kulaumu Injini

Kijana wa Ibaba wilayani Ileje akiingia duka la pikipiki pale Tunduma, mazungumzo huanzia kwenye cc na huishia kwenye cc. Anaonyeshwa ya 100, ya 125 na ya 150, bei zinapanda kwa mpangilio huohuo, naye anatoka akiamini kwamba amenunua nguvu. Akirudi kwenye milima ya Ileje na abiria mmoja na nusu gunia la viazi, gia ya tatu inakata pumzi, ya pili inapiga kelele, na fundi wa kwanza anayemkuta anamwambia injini ni mbovu. Mara nyingi injini haina kosa. Kilichokosewa ni namna nguvu yake inavyofikishwa kwenye gurudumu.

Makala haya ni kwa ajili ya anayefanya kazi na pikipiki katika vilima vya Wilaya ya Ileje na Mkoa wa Songwe kwa jumla. Nataka uelewe vitu viwili vinavyoamua kama pikipiki itachanganya, yaani itaongeza kasi haraka, au itakokota: nguvu za farasi na uwiano wa gia. Ukivielewa, utajua lini utoe fedha kununua pikipiki kubwa zaidi na lini utoe fedha kidogo tu kubadilisha spoketi.

Farasi mmoja anafanya nini

Kipimo cha nguvu za farasi kilienezwa na James Watt, mhandisi wa Scotland wa karne ya 18, aliyetaka kulinganisha mashine zake za mvuke na wanyama waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Kwa kipimo kinachotumiwa na viwanda vingi vya pikipiki, farasi mmoja ni uwezo wa kunyanyua kilo 75 kwenda juu mita moja kila sekunde. Kariri hesabu hiyo, maana ndiyo itakayotusaidia kupanda mlima.

Pikipiki ya Boxer ya cc 150, kwa takwimu za kiwanda, hutoa takribani farasi 12 injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Ile ya cc 100 hutoa kama farasi 8 kwa mzunguko wa namna hiyohiyo. Sehemu ya mwisho ya sentensi hizo ndiyo ambayo wauzaji huiruka. Hao farasi 12 wanapatikana kule juu tu, injini inapolia kwa nguvu. Ukiwa unatambaa kwa gia ya nne na injini inazunguka mara 3,000, huna farasi 12 hata kidogo. Huenda una watano. Umelipia 12 na unatumia watano.

Kuna kipimo kingine kinachoandamana na hicho, nacho ni torki, yaani nguvu ya msokoto ambao injini inautoa kwenye shafti. Kwa Boxer ya 150 torki hufika kileleni injini ikizunguka kama mara 5,000 kwa dakika, mapema kuliko nguvu za farasi. Kwa hiyo pikipiki ya kazi ya aina hii ina eneo lake zuri, kati ya mizunguko 5,000 na 7,500. Chini ya hapo inakokota, na juu ya hapo inapoteza mafuta na kujichosha. Kazi nzima ya gia ni kuiweka injini ndani ya eneo hilo, kwa kasi yoyote ambayo gurudumu linakwenda.

Mlima unadai kwanza, kinachobaki ndicho kinachochanganya

Sasa tupande. Chukua pikipiki inayokaribia kilo 120, dereva wa kilo 65, abiria wa kilo 65 na mzigo wa kilo 50. Jumla ni kilo 300. Mlima wa asilimia 10, yaani unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 za barabara, unauvuta mzigo huo kurudi nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30. Barabara ya udongo yenye mawe inaongeza kilo nyingine saba au nane za ukinzani wa matairi.

Ukitaka kwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde, mlima peke yake unadai kilo 30 mara mita 10, yaani 300. Gawanya kwa 75, unapata farasi wanne. Udongo unadai mmoja mwingine. Upepo na msuguano wa cheni vinachukua nusu ya farasi. Jumla ni farasi watano na nusu ili tu kasi isipungue. Hujachanganya bado.

Kuchanganya kunatoka kwenye salio. Nguvu inayobaki baada ya mlima, udongo na upepo kuchukua chao ndiyo inayoongeza kasi. Pikipiki yenye farasi 8 ikiwatoa wote, salio lake hapo ni farasi wawili na nusu. Yenye 12 ina salio la sita na nusu. Ndiyo maana tofauti ya cc 50, ambayo barabara tambarare huifanya ionekane ndogo, mlimani hugeuka kuwa kubwa. Na ukipakia mshikaki, yaani abiria wa pili wa kilo 65, mlima huohuo kwa kasi ileile unaongeza dai lake kwa karibu farasi mmoja mzima. Sheria inakataza abiria wa pili kwa ajili ya usalama. Hesabu nayo inakataza kwa sababu yake.

Hewa ya juu inapunguza farasi

Takwimu za kiwanda hupimwa katika hewa nzito, karibu na usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Songwe iko zaidi ya mita 1,500, na vilima vya Ileje huvuka 2,000. Katika mita 1,500 hewa ina uzito wa asilimia 86 hivi ya ile ya Dar es Salaam. Katika mita 2,000 ni kama asilimia 82. Injini inachoma petroli kwa kadiri ya hewa inayoivuta. Hewa ikipungua, nguvu inapungua kwa kiasi kinachokaribia hichohicho.

Kwa hiyo farasi 12 wa dukani ni kama 10 kwenye milima mirefu, na wale 8 ni kama sita na nusu. Rudi kwenye mfano wetu: pikipiki ya cc 100 iliyokuwa na salio la farasi wawili na nusu sasa ina salio la mmoja. Kosa gia kidogo tu, hata huyo mmoja anatoweka.

Kabureta nayo inaongeza tatizo. Imepangwa kwa hewa nzito, hivyo huku juu inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Toa plagi uitazame. Ikiwa nyeusi na yenye masizi makavu, mchanganyiko una mafuta mengi. Anza na kichujio cha hewa, kwa sababu vumbi la kiangazi hukiziba na kutoa dalili hizohizo. Kikiwa safi na plagi bado ni nyeusi, mwambie fundi anayejua kabureta akuwekee jeti kuu ndogo kwa hatua moja. Usikubali afanye hivyo kwa kubahatisha hatua tatu kwa mara moja. Petroli ikizidi kupungua, injini inapata joto kali, na pistoni inaweza kuharibika kwenye mlima mrefu.

Jino moja mbele, meno matatu nyuma

Sasa tufike kwenye spoketi, mahali ambapo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Hesabu meno ya spoketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma ya pikipiki yako mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Gawanya ya nyuma kwa ya mbele. Kama mbele kuna meno 14 na nyuma 42, uwiano ni 3: spoketi ya mbele inazunguka mara tatu, gurudumu mara moja.

Ukibadilisha ya mbele ikawa 13, uwiano unapanda hadi 3.23. Nguvu ya msokoto inayofika kwenye gurudumu katika kila gia inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na kasi ya pikipiki kwa mzunguko uleule wa injini inashuka kwa asilimia 7. Ukiacha ya mbele na kuongeza ya nyuma kutoka 42 hadi 45, unapata uwiano wa 3.21, karibu sawa na ule wa 3.23. Ndiyo kanuni ya kukumbuka: jino moja la mbele lina uzito wa meno matatu ya nyuma.

Asilimia 8 inasikika ndogo. Itazame kwenye salio. Tuseme katika gia ya tatu gurudumu linasukuma kwa nguvu ya kilo 40, na mlima pamoja na udongo vinadai 35. Salio ni kilo tano. Ukipunguza jino moja mbele, msukumo unakuwa 43, na salio linakuwa nane. Uwezo wa kuchanganya katika gia hiyo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye lami tambarare, ambako barabara inadai kilo 10 tu, salio linatoka 30 kwenda 33, ongezeko la sehemu moja ya kumi ambalo wengi hawatalisikia. Kijana wa mjini Tunduma anaweza kukuambia kubadilisha spoketi hakuna faida, na wa Ibaba akakuapia kwamba pikipiki imekuwa mpya. Wote wawili wanasema kweli.

Lakini usidanganyike. Spoketi haiongezi hata farasi mmoja. Injini yako ina kiasi chake, na ukiwa tayari katika gia sahihi, injini ikizunguka kwenye eneo lake la juu kabisa, spoketi ndogo haitakupandisha kwa kasi zaidi. Inachofanya ni kukuwezesha kuwafikia farasi ulionao kwa kasi ndogo zaidi, ile ya mlimani. Wanaoteseka kati ya gia mbili, ya tatu ikikokota na ya pili ikilia, ndio hasa wanaonufaika.

Gharama yake inalipwa kwenye lami. Kama injini ilikuwa ikizunguka mara 5,000 ukienda kilomita 60 kwa saa, sasa itazunguka karibu 5,400. Mtu anayetoka Isongole kwenda Mpemba kila siku kwa lami atasikia kelele zaidi, atachoma mafuta zaidi na atachosha injini. Spoketi ndogo pia hukunja cheni kwa kona kali zaidi, hivyo cheni huisha mapema. Ndiyo maana, ukiwa na nafasi, ongeza meno ya nyuma kuliko kupunguza ya mbele. Ila angalia kama cheni yako inafika, kwa sababu meno matatu zaidi yanaweza kudai pingili za ziada. Usivuke jino moja mbele au meno matatu nyuma kwa mara ya kwanza. Tumia mwezi mmoja kwenye njia zako za kila siku, ndipo uamue.

Tairi nayo ni sehemu ya gia. Ukifunga tairi la nyuma lenye kimo kikubwa zaidi ili lipite kwenye mashimo, umerefusha gia bila kujua, na pikipiki itakuwa nzito kuondoka. Wapo waliopunguza jino mbele kisha wakafunga tairi refu nyuma, wakabaki palepale walipoanzia.

Gia inaanzia kichwani mwa dereva

Spoketi nzuri haimsaidii anayebadilisha gia kwa mazoea ya tambarare. Pikipiki nyingi za kazi hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo sikio ndilo kipimo. Injini ikitoa mtetemo mzito na kila ukiongeza mafuta haina jibu, uko chini ya eneo zuri. Punguza gia mapema, kabla kasi haijafa. Dereva anayesubiri mpaka pikipiki ianze kugonga ndipo apunguze, tayari amepoteza ule mwendo ambao ungemsaidia kuvuka.

Kuna pengo ambalo wengi hawalijui: hatua kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili ndiyo kubwa kuliko zote. Ukipandisha, mzunguko wa injini unaporomoka kwa theluthi moja au zaidi, ilhali kutoka ya tatu kwenda ya nne unaporomoka kama robo. Ukiingiza gia ya pili mapema mlimani, injini inaangukia mahali ambapo haina nguvu. Iache ya kwanza ivute mpaka injini ipige sauti ya juu, kisha ingiza ya pili kwa haraka. Usiogope kelele fupi. Kinachoua injini ni kulazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa mzunguko mdogo, pistoni ikipigwa kwa nguvu huku oili ikizunguka polepole na hewa ya kupoza ikiwa haba.

Klachi nayo ni ya kuondokea. Anayesaidia mlima kwa klachi nusu huchoma pleti, na pleti zikianza kuteleza, injini italia sana bila gurudumu kufuata. Hapo wengi hununua spoketi ilhali wanahitaji pleti. Jaribio ni rahisi: ukiwa unapanda kwa gia ya juu, ongeza mafuta kwa ghafla. Sauti ikipanda na kasi isipande, klachi imekwisha.

Mvua ikinyesha, kanuni zinageuka. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kinachozuia kuchanganya ni kushika kwa tairi. Nguvu nyingi kwenye gurudumu itazungusha tairi palepale na kukulaza. Tumia gia moja juu zaidi ya ile unayotumia kiangazi, na mafuta ya taratibu. Kwenye mlima mkali wenye mzigo nyuma, tahadhari ni nyingine: gia fupi na klachi inayoachiwa kwa ghafla huweza kunyanyua gurudumu la mbele. Mzigo usogee mbele karibu na abiria, usining'inie nyuma ya ekseli.

Unachokipata wakati wa kuteremka

Kila aliyepanda Ileje lazima ateremke, na hapa gia fupi hulipa mara ya pili. Injini isiyopewa mafuta inazuia gurudumu, na uzuiaji huo unazidishwa na uwiano uleule uliokupandisha. Kanuni ya wazee wa malori inafaa pikipiki pia: teremka kwa gia ambayo ungeipandia.

Kuna tabia ya kuteremka na fri, yaani bila gia, wengine wakizima kabisa injini ili kuokoa petroli. Kilo 300 zinazoshuka mlima wa asilimia 10 kwa kilomita 36 kwa saa zinaingiza nguvu ya farasi wanne, na bila injini sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka joto ndani ya breki. Breki za dram, ambazo ndizo zilizofungwa nyuma kwenye pikipiki nyingi za kazi, zikipata joto sana hupoteza ushikaji. Utabana na pikipiki itaendelea kwenda. Petroli unayookoa kwenye mteremko mmoja haifiki hata bei ya soda.

Fuata utaratibu huu

Pikipiki yako ikianza kukataa mlima, usianze na kitu cha gharama. Kwanza, jaza upepo kwenye matairi na hakikisha breki hazijabana. Nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Pili, safisha kichujio cha hewa na utazame plagi. Tatu, kagua cheni. Ikiwa kavu na yenye kutu, inakula sehemu ya nguvu yako. Ipake oili, na uhakikishe ina ulegevu uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, ambao kwa kawaida ni sentimita mbili hadi tatu katikati. Meno ya spoketi yakiwa yamechongoka kama ndoana, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni ya zamani hula spoketi mpya. Nne, jaribu klachi. Tano, kama yote ni mazima na bado unateseka kati ya gia mbili, badilisha uwiano.

Kununua pikipiki yenye farasi zaidi ni hatua ya sita. Ina maana kama hata katika gia sahihi, injini ikizunguka vizuri, bado unapanda polepole kuliko kazi inavyotaka. Hapo umefikia mwisho wa farasi ulionao, na hakuna spoketi itakayokuongezea. Ukifika dukani, usiulize cc pekee. Uliza idadi ya farasi na wanapatikana kwa mzunguko gani, uliza torki na mzunguko wake, uliza meno ya spoketi, na uliza kama spoketi za idadi nyingine zinapatikana. Kati ya pikipiki mbili zenye farasi sawa, yenye torki inayofika mapema ndiyo inayofaa milima yetu.

Ushauri wangu kwa mwendeshaji wa Ibaba ni huu: panga gia zako kwa ajili ya mlima unaoupanda kila siku ukiwa na mzigo, usizipange kwa ajili ya lami ya Tunduma unayoigusa mara chache. Kabla hujaingia mkopo wa pikipiki kubwa, hesabu meno ya hiyo uliyonayo.